Mji wa Kale kwa Njia ya Mkokoteni

Mathare, mtu wa kiti cha magurudumu haulizi njia ya mkato. Huuliza njia ya maji. Wachuuzi wanaosukuma mikokoteni iliyojaa mitungi ya lita 20 wanakijua kila kichochoro kinachoteremka kutoka Juja Road hadi mtoni: mtaro upi umefunikwa kwa bamba, mawe yamechomoza wapi, na mteremko upi ukiloa mvua utakutupa chini. Panapopita mkokoteni wa maji, kiti nacho hupita. Pasipopita, mwenye kiti hubaki nyumbani au hubebwa.

Nimeanza na hayo kwa sababu ndiyo elimu tuliyokwenda nayo Mombasa. Tangu turudi, watu mtaani wanatuuliza mimi na jirani yangu tuliwezaje kuuzunguka Mji wa Kale, mahali ambapo kila mtu anatwambia ni vichochoro vitupu na ngazi. Wengi wanaouliza wenyewe wana magoti mabovu, au wana mama mzee anayetembea kwa fimbo, au mtoto ambaye hajawahi kuiona bahari kwa sababu hakuna aliyejua angefikishwaje huko. Nawaandikia wao.

Mimi hutembea kwa mikongojo miwili tangu utotoni, baada ya polio kuudhoofisha mguu wangu wa kushoto. Jirani yangu ni fundi viatu wa Mabatini, mzee aliyekalia kiti cha magurudumu tangu alipogongwa na gari akiwa kijana. Huniita binti yangu, nami humwita mzee kama wamwitavyo wateja wake wote. Kabla hatujaondoka alinitengenezea ncha mpya za mikongojo. Alikata vipande vya tairi kuukuu la gari, akavichonga vikawa duara, akatia mifereji midogo kwa kisu cha kukatia soli, kisha akavigandisha kwa gundi na kuvipigilia misumari pembeni. Mpira wa dukani huwa laini kama sabuni ukishalika. Wa tairi hung'ang'ania hata palipo na utelezi.

Sehemu ngumu kuliko zote katika safari ile ilikuwa kutoka Mathare kufika Syokimau. Matatu ya kwanza ilitupita. Ya pili ilisimama, lakini kondakta akataka kiti kilipiwe nauli ya abiria. Mzee alilipa bila kubishana, kwa kuwa treni ya asubuhi haingoji. Tulipofika kituoni mambo yalikuwa mepesi: kulikuwa na lifti, na wahudumu walimpeleka mzee hadi behewani. Reli hiyo ya kisasa, iliyozinduliwa Mei 31, 2017, inaunganisha Nairobi na Mombasa kwa umbali wa takriban kilomita 470, na kwa saa tano hivi unatoka kwenye baridi ya Syokimau unaingia kwenye joto la Miritini. Mzee alikaa dirishani njia nzima. Tulipoingia Tsavo alinigusa bega kila alipoona ndovu.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba hakuwa amekunywa maji tangu alfajiri. Nilijua sababu, maana nami hufanya hivyo. Anayetumia kiti au mikongojo hujifunza kujinyima maji anaposafiri, kwa kuwa hajui choo kitakuwa wapi, mlango wake una upana gani, na kama ndani mna kitu cha kushikilia. Nairobi unaweza kuponea hapo. Mombasa, katika joto la Februari, utaanguka. Kwa hiyo nasema wazi: kabla ya kuulizia ngome na milango ya nakshi, ulizia choo. Tulichagua nyumba ya wageni yenye chumba cha chini na choo cha kukaa, tukampigia mwenye nyumba mapema tukimwomba aupime mlango kwa futi na kututajia upana. Mzee alikuwa amekwisha kupima kiti chake.

Kutoka Miritini tulipata usafiri hadi mjini, na mjini tukaishi kwa tuktuk. Sijaona gari linalomfaa mtu wa magoti mabovu kuliko tuktuk ya Mombasa. Sakafu yake iko chini, mlango wake uko wazi, unakaa kwanza kisha unaingiza miguu. Kiti cha mzee kilikunjwa kikawekwa mbele ya magoti yetu. Hakuna dereva aliyekitoza nauli.

Wageni wengi huuanza Mji wa Kale kwenye Fort Jesus, nasi tukafanya vivyo hivyo. Wareno waliianza ngome hii mwaka 1593 na kuimaliza 1596, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, wakaijenga juu ya mwamba wa matumbawe ukingoni mwa bahari. Mwaka 1698, baada ya kuizingira kwa takriban miaka mitatu, Waomani waliichukua. Waingereza wakaifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958, kisha ikawa jumba la makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Jengo lililokusudiwa kumzuia mtu asiingie halitamfungulia njia mwenye kiti kwa urahisi. Njia ya langoni inapanda, na mawe yake yamesuguliwa na miguu ya karne nne hadi yakang'aa. Vijana wawili walimsukuma mzee kwa nyuma, naye akiwa ameyashika magurudumu kwa mikono yote miwili.

Ukishaingia uani, pumua. Uwanja wa ndani uko sawa vya kutosha, na humo waweza kuona mengi: kuta nene za matumbawe, mizinga, misingi ya kanisa la Wareno. Juu ya kuta kunapandwa kwa ngazi, na huko mzee hakwenda. Mimi nilipanda kiasi, nikiweka mkongojo kwanza na mguu baadaye, nikaona mlango wa bahari na majahazi. Niliporudi nilimkuta akikagua ukuta kwa karibu, akipitisha kidole kwenye alama za patasi. Babake alikuwa mchonga mawe. Bonde la Mathare lilikuwa machimbo kabla halijawa makazi, na mawe yaliyotoka humo yamo katika nyumba nyingi za Nairobi. Aliniambia kwamba jiwe hili la pwani ni jepesi na lina matundu, na kwamba mtu aliyelikata aliijua kazi yake, kwa sababu alifuata mshipa wa jiwe. Hakuna mwelekezi aliyekuwa ametueleza hilo.

Nje ya ngome walitujia waelekezi wengi, kila mmoja na bei yake. Mzee aliwauliza wote swali moja: ukitoka hapa kwenda bandari ya kale, ngazi ziko wapi? Walitutajia misikiti, milango, masultani. Ngazi hawakuwa na habari nazo, na siwalaumu, maana mtu mwenye miguu mizima hupanda kidato bila kukiona. Ndipo akapita mtu wa mkokoteni, hamali aliyebeba magunia ya mchele, jasho limemlowesha fulana. Mzee akamsimamisha.

"Mzee wangu, usipite hiyo," akasema hamali, akitikisa kichwa kuelekea kichochoro kilichokuwa na kivuli kizuri. "Mbele kuna ngazi. Nifuate mie."

Tukamfuata. Kuanzia hapo Mji wa Kale ulifunguka.

Mkokoteni una magurudumu mawili, mzigo mzito na mtu mmoja wa kuusukuma. Hauwezi kupanda kidato wala kuvuka mtaro usiofunikwa. Hamali akipotea njia hupoteza nusu saa na kuumia mgongo, kwa hiyo huijua miteremko ya mtaa wake kuliko mtu yeyote. Alituonyesha kwamba barabara ya Mbarak Ali Hinawy, inayotoka ngomeni kwenda kaskazini, inapitika karibu yote kwa magurudumu. Akatuonyesha pia Ndia Kuu, barabara kongwe inayokwenda sambamba nayo, ambako tuktuk huingia na kwa hiyo kiti huingia. Alitwambia pia mahali ambapo kabro zimeachana, yale magurudumu madogo ya mbele yakanaswa na kumtupa mtu kifudifudi. Mahali kama hapo, kigeuze kiti upite kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia. Mzee alilijua hilo tangu Mathare. Wanaowasukuma wazazi wao kwa mara ya kwanza huenda hawalijui.

Kwenye barabara hiyo ya Mbarak Ali Hinawy kuna Msikiti wa Mandhry, unaosemekana kujengwa mwaka 1570, yaani kabla ya ngome yenyewe. Ni mweupe, na mnara wake umechongoka kuelekea juu. Tulisimama nje, ng'ambo ya barabara, kwa sababu ilikuwa saa ya adhuhuri na watu walikuwa wakiingia kuswali. Mguu wangu ulikuwa umeanza kutetemeka. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi kwenye baraza ya nyumba aliniona kabla sijaomba.

"Keti, mwanangu. Mwataka maji?"

Nataka kuzikalia hapo kidogo hizo baraza, kwa kuwa ndizo zilizonifanya niupende mtaa ule. Nyumba za Waswahili zina benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta wa mbele, pande mbili za mlango. Mwenye nyumba hupokelea wageni hapo na wazee hukaa hapo jioni wakinywa kahawa chungu na kusimuliana habari. Kwa mtu wa mikongojo, baraza ni mahali pa kupumzisha kwapa na viganja kila baada ya hatua chache. Roshani zilizochomoza juu hutupa kivuli chini. Tokea Pangani hadi Huruma, sijui mahali ambapo mtu aliyechoka anaweza kukaa bila kununua kitu. Hapa nilipumzika kila nilipochoka, na hakuna aliyeniuliza nataka nini. Wajenzi wa mtaa ule hawakusoma sheria yoyote ya walemavu. Walijua tu kwamba mtu huchoka.

Ila si kila baraza ni ya wapita njia, na heshima inatakiwa. Sema hodi au salamu, omba kukaa, na kama ni wakati wa swala usiufunge mlango kwa mikongojo yako. Wakati wa Ramadhani usijipangie kula hadharani mchana.

Tulipofika Government Square, uwanja uliokuwa kitovu cha biashara kabla ya meli kubwa kuhamia Kilindini, harufu ya bandari ya kale ilitupokea: samaki, kamba, mbao. Karibu na hapo kulikuwa na duka lenye vidato viwili mlangoni. Mzee alitaka kununua ubani wa kumpelekea mkewe. Mwenye duka alitoka, akamtazama, akasema angemletea bidhaa nje achague. Ni ukarimu, na wengi wetu tumezoea kuupokea hivyo, kufanya ununuzi barabarani kama watu wasiotakiwa ndani. Mzee akauliza magunia huingiaje dukani. Mwenye duka alinyamaza kidogo, akaingia, akatoka na ubao mpana uliokuwa umeegemezwa nyuma ya mlango. Kumbe kila asubuhi mzigo ukifika ubao hulazwa juu ya vidato, na mzigo ukiisha hurudishwa. Uliwekwa, mzee akapanda, akakaa humo ndani muda mrefu akinusa kila kopo.

Nimeufikiria sana ubao ule. Kenya ina sheria nzuri kuhusu jambo hili. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka mitano kuyarekebisha, na wenye magari ya abiria miaka miwili. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinatupa haki ya kufika mahali pote, kutumia usafiri wa umma na kupata habari. Mei 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria mpya kuchukua nafasi ya ile ya 2003. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 900,000 wenye ulemavu, na shida ya kutembea ndiyo iliyokuwa na watu wengi zaidi. Pamoja na hayo yote, mara nyingi kinachokosekana ni ubao ambao tayari umo ndani ya jengo, na mtu wa kukumbuka kuutoa.

Husemwa kwamba mahali pa kale hapaguswi, na kwamba ukiongeza kitu unaharibu historia. Sikubaliani. Mji wa Kale umehifadhiwa kisheria na unapaswa kuhifadhiwa; nisingependa kuona saruji ikimwagwa juu ya mawe ya Wareno. Lakini Wagiriki waliweka lifti mpya kwenye mwamba wa Akropoli huko Athens mwezi Desemba 2020, kando ya mahekalu yenye umri wa karibu miaka 2,500, na mahekalu yangali yamesimama. Sisi hatuombi lifti. Tunaomba mbao za kuwekwa na kuondolewa, bamba juu ya mitaro, choo kimoja kipana karibu na ngome, na ramani inayoonyesha njia za mikokoteni. Hiyo ya mwisho mahamali wanaweza kuichora kwa asubuhi moja, na walipwe kwa kazi hiyo kama anavyolipwa mtaalamu yeyote.

Mahali pamoja hapakuwa na ubao wa kutosha. Karibu na Leven House, jumba linaloitwa kwa jina la manowari ambayo Kapteni Owen wa Uingereza alikuja nayo Mombasa mwaka 1824, kuna ngazi za kale zinazoteremka hadi majini. Barobaro waliokuwa wakivua kwa mishipi waliacha kazi yao wakaja mbio.

"Mzee, twakubeba. Dakika moja tu."

Walikuwa wengi na wenye nguvu, na nyuso zao zilionyesha walitaka kwa moyo kusaidia. Nilidhani atakubali. Alikuwa ametoka mbali kuja kuigusa bahari.

"Asanteni, wanangu," akasema. "Nyumbani nabebwa kila masika. Hapa nimekuja kutembea."

Niliwaona vijana wakitazamana. Nadhani hawakujua masika ya Mathare yakoje. Hawakujua Aprili 2024, mto ulipofurika usiku na kusomba nyumba, nasi tusioweza kukimbia tukatolewa migongoni mwa majirani kupitia maji ya kifuani, wala hawakujua ubomoaji wa kando ya mto uliofuata Mei. Mzee alibebwa usiku ule, na kiti chake cha zamani kilikwenda na maji. Anawashukuru waliomwokoa hadi leo. Lakini kuokolewa ni jambo moja, na kwenda matembezi ni jambo jingine. Anayetaka kumsaidia mtu mwenye ulemavu amwulize kwanza, na akijibiwa hapana aridhike nayo. Vijana wale waliridhika. Mmoja aliteremka, akateka maji ya bahari kwa kopo la chambo, akayaleta juu. Mzee akaingiza mkono, akaonja, akatema, sote tukacheka.

Bahari yenyewe aliifikia jioni, kwa njia nyingine. Bustani ya Mama Ngina, upande wa kusini mwa kisiwa, ilikarabatiwa na kuandaa sherehe za Mashujaa za mwaka 2019. Njia yake ni pana, imesawazishwa, na inafuata ukingo wa bahari. Hapo mzee alijisukuma mwenyewe bila mtu nyuma, kutoka kwa muuza madafu hadi kwa muuza mihogo ya kukaanga, akageuka, akarudi. Nilishindwa kwenda naye sambamba. Meli ya makontena ilikuwa ikiingia Kilindini, karibu sana na ukingo, na watoto waliikimbilia wakipiga kelele.

Wengine wameniuliza kuhusu Lamu, na ningependa mtu wa mikongojo aione kabla hajafa. Ila nisidanganye: huko unapanda na kushuka boti gatini, vichochoro ni vyembamba kuliko vya Mombasa, na punda ndio wenye njia. Nenda na mtu mwenye nguvu unayemwamini, na kaa nyumba ya karibu na bahari. Kwa mwanzo, Mombasa inafaa zaidi.

Yaliyobaki ni mambo madogo. Tembea Mji wa Kale asubuhi kabla ya saa nne, au baada ya alasiri jua likishapoa. Epuka mvua kubwa za Aprili na Mei, kabro huteleza, na mikongojo isiyo na ncha nzuri ni hatari. Beba glavu za kazi, maana chuma cha magurudumu huchoma mikono juani. Beba pampu ndogo na viraka. Mafundi baiskeli wapo, ila huenda uko mbali nao tairi likipasuka. Usiku nenda Kibokoni kwa viazi karai na mishkaki, ambapo meza ziko nje barabarani na hakuna kidato cha kupanda. Na maji kunywa, choo ukishakijua kilipo.

Mzee sasa amelileta wazo la safari kama hii kwenye chama chetu. Wanachama wanaweka akiba kidogo kidogo kila juma, miongoni mwao akina mama wawili wa viti vya magurudumu na kijana mmoja asiyeona, na tunatazamia kwenda mwishoni mwa mwaka, kabla ya msongamano wa Krismasi. Nyumba ya wageni tumeshaipata, na yule hamali amekubali kutuongoza kwa malipo tuliyopatana. Tatizo lililobaki liko huku kwetu. Tunatafuta gari la kututoa Juja Road alfajiri hadi Syokimau, lenye nafasi ya viti vitatu vya magurudumu, na lisilovitoza nauli. Tumeshazungumza na madereva kadhaa na hakuna aliyekubali bado.